Maji ya urea yapunguzavyo sumu ya moshi wa malori

Lori la kisasa la dizeli aghalabu huwa na matangi ya aina mbili: la mafuta, na jingine dogo lenye kifuniko cha samawati, ambalo hutiwa maji ya urea. Maji haya, yanayofahamika zaidi kwa jina la kibiashara AdBlue, si mafuta wala hayaongezi nguvu za injini. Kazi yake ni kupunguza sumu iliyomo katika moshi kabla haujatoka nje.

Joto kali ndani ya injini ya dizeli huifanya naitrojeni ya hewani kuungana na oksijeni. Hapo huzuka oksidi za naitrojeni, gesi zinazodhuru mapafu na kuchangia ukungu mchafu unaotanda juu ya miji mikubwa. Ili kuzidhibiti, maji ya urea hunyunyizwa ndani ya bomba la moshi, ambamo joto huigeuza urea kuwa amonia. Amonia na moshi hupita pamoja kwenye chemba yenye kichocheo, na oksidi hizo hugeuka kuwa mvuke wa maji na naitrojeni isiyo na madhara.

Teknolojia hii ilienea kutokana na sheria. Barani Ulaya, kiwango cha Euro V cha mwaka 2008 kiliruhusu injini ya lori kutoa gramu 2 za oksidi hizo kwa kila kilowati-saa. Euro VI, kilichoanza 2013, kiliteremsha kiasi hicho hadi chini ya gramu 0.5. Aidha, kinawataka watengenezaji kuhakikisha kuwa dereva anayepuuza onyo la tangi tupu hatimaye hawezi kupita mwendo wa kilomita 20 kwa saa.

Maji hayo huwa na asilimia 32.5 ya urea safi. Yaliyosalia ni maji yaliyoondolewa madini. Ijapokuwa urea ni mbolea wanayoijua wakulima wengi, kukoroga mbolea ya shambani katika maji ya mfereji ni hatari, kwa kuwa uchafu na madini huziba vinyunyizio na kuharibu kichocheo. Vilevile, kuyatia maji hayo katika tangi la dizeli huweza kuharibu mfumo mzima wa mafuta.

Jinsi uchukuzi unavyotegemea maji haya ilidhihirika nchini Korea Kusini mwaka 2021. Mnamo Oktoba, China, iliyokuwa ikiiuzia nchi hiyo karibu urea yote ya viwandani, ilibana uuzaji wake nje ili kulinda mahitaji ya wakulima wake. Bei ilipanda mara kadhaa, madereva wakapanga foleni, na serikali ikapiga marufuku ulanguzi wa bidhaa hiyo. Mnamo Novemba, ndege ya kijeshi ilitumwa Australia kuchukua lita 27,000 za maji ya urea.

Mwezi uliofuata Australia yenyewe ilikabiliwa na uhaba uo huo, ikalazimika kuafikiana na kampuni ya Incitec Pivot iongeze uzalishaji katika kiwanda chake cha Brisbane. Hapakuwa na upungufu wa dizeli katika nchi hizo mbili; kilichotishia kuyakwamisha malori ni yale maji ya tangi dogo.