Mwananchi na Mbunge Wake: Funzo la Mlolongo Nchini Kenya

Sauti anayoipaza mbunge si mali yake. Ni amana aliyokabidhiwa na waliomchagua. Historia ya nchi jirani ya Kenya yaonyesha wazi yatokeayo amana hiyo inapovunjwa.

Mwaka 1982 Kenya ilifanywa kisheria kuwa nchi ya chama kimoja, KANU. Tarehe 22 Februari 1988 wanachama wa chama hicho waliitwa kuteua wagombea ubunge, si kwa kura ya siri, bali kwa kupanga mlolongo hadharani. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amekwisha kuchaguliwa. Jina lake halikupelekwa tena kwa wapiga kura katika uchaguzi mkuu wa Machi 21.

Watetezi wa utaratibu huo walidai kuwa ni wa wazi na usio na gharama. Lakini karatasi za kura huweza kuhesabiwa upya, ilhali mlolongo ukishatawanyika hauhesabiki tena. Katika majimbo kadhaa watu walishuhudia milolongo mirefu ikitangazwa kushindwa na mifupi. Viongozi wa makanisa walipinga, na jarida la Beyond la Baraza la Makanisa, lililoandika habari za hitilafu hizo, likapigwa marufuku.

Madhara hayakukawia. Mbunge aliyepewa kiti na msimamizi wa hesabu hakuwa na sababu ya kuwaogopa wapiga kura. Agosti 1988 Bunge lilibadili katiba, likaondoa kinga iliyowalinda majaji wasifukuzwe kazini, na kuwaruhusu polisi kumweka mahabusu kwa siku 14 mtuhumiwa wa kosa la adhabu ya kifo. Hivyo mwananchi aliyenyimwa hesabu ya haki alipunguziwa pia ulinzi wa mahakama.

Mlolongo ulifutwa mwaka 1990, na mwaka 1991 vyama vingi vikaruhusiwa tena. Katiba ya 2010 ikatambua haki ya wapiga kura kumwondoa mbunge kabla ya muda wake kwisha. Hata hivyo, tarehe 25 Juni 2024 wabunge 195 dhidi ya 106 walipitisha Muswada wa Fedha, huku vijana wakiupinga barabarani. Siku hiyo waandamanaji waliingia Bungeni, na watu waliuawa kwa risasi. Kesho yake Rais William Ruto alikataa kuutia saini.

Sheria njema pekee hazitoshi kumfanya mbunge asikie. Cheo ni dhamana, na aliyeitoa dhamana hiyo hana budi kuidai hesabu yake kila siku, si siku ya uchaguzi tu.