Tanzia

Gazetini, tanzia ni tangazo la msiba: jina la marehemu, orodha ya jamaa, saa ya mazishi. Darasa la fasihi chuoni limeliazima neno hilo kwa tamthilia ya anguko, kinyume cha ramsa, tamthilia ya kuchekesha. Ndiyo maana wanafunzi wengine huhesabu maiti kwanza.

Mfalme Oedipus wa Sophocles anawaumbua: hafi. Mkewe, kumbe ndiye mamake, anajinyonga. Yeye anachomoa pini za vazi la mkewe na kujitoboa macho. Aristotle, aliyeusifu sana mchezo huo, alitazama kosa linalomwangusha mtu mkubwa, pamoja na huruma na hofu vinavyowashika watazamaji. Basi mtihanini usiulize nani kafa. Uliza nani kaanguka, kutoka wapi, na kwa kosa gani.