Jicho la Wavu katika Ziwa Victoria

Ziwa Victoria ni kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika. Eneo lake ni kilomita za mraba 68,800 hivi, lakini kina chake hufika mita 80 tu. Tangu kale wakazi wa kandokando yake wametegemea samaki, na ufundi wao ulifuata tabia za maji na za samaki wenyewe.

Wakati wa masika, mito ilipofurika, samaki waitwao ningu walitoka ziwani kupanda mitoni kutaga mayai. Watu walijenga nyuzio za miti na matete, wakatega migono katika mianya yake. Ufuoni walikokota kokoro la mafunjo. Wengine walitumia ndoana. Zana hizo zilivua karibu na nchi kavu, na maji ya mbali hayakuguswa sana.

Upepo nao ulikuwa na sehemu yake. Tangu Septemba hivi hadi Mei, maji yaliyopata joto hukaa juu ya maji ya baridi. Yale ya chini hupungukiwa na hewa, na samaki wengi huyakimbia. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusi huyachanganya, hewa ikashuka tena chini. Basi mahali penye samaki tele mwezi huu huweza kuwa patupu mwezi ujao.

Mwaka 1901 reli ilifika Kisumu, na samaki wakapata soko la mbali. Mwaka 1905 wavu mpya wa kutegesha uliletwa katika ghuba ya Winam. Wavu huo husimama majini kama ukuta, maboya juu na vizito chini, naye samaki hunaswa matamvua katika jicho lake. Mkubwa hushikwa; mdogo hupenya akaenda zake. Kwa hiyo ukubwa wa jicho ndio uamuao ni nani atakayekufa na nani atakayeishi akazae.

Ngege, samaki aliyependwa kuliko wote, alianza kupungua. Mtaalamu wa Kiingereza, Michael Graham, alilichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928, akashauri kwamba jicho la wavu lisipungue inchi 5. Shauri lake likawa sheria mwaka 1933. Lakini mvuvi aliyeona nyavu zake zikirudi tupu alifanyaje? Mkono mtupu haulambwi. Alinunua wavu wa jicho dogo, akapata samaki wengi kwa muda. Jirani yake akamfuata. Usimamizi ulikuwa dhaifu, na kati ya 1956 na 1961 sheria hiyo ilifutwa katika nchi zote tatu. Katika miaka ya 1950 ziliingia nyavu za nailoni, zilizo imara zaidi, na ngege akazidi kuadimika. Ningu naye alitegewa kwenye vinywa vya mito kabla hajataga.

Katika miaka ya 1950 na 1960 mbuta alipandikizwa ziwani. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea kote, akala mamia ya aina za fulu. Mbuta alileta viwanda na fedha za kigeni, lakini hayo yaliyopotea hayanunuliki. Omena, walio wadogo kabisa, waliendelea kuvuliwa katika usiku wa giza kwa taa za kuwavuta.

Mwaka 1994 Kenya, Uganda na Tanzania ziliunda shirika moja la kusimamia uvuvi wa ziwa hili, maana samaki hajui mpaka.

Tusimlaumu mvuvi peke yake. Aliyeacha samaki mdogo apite hakuwa na hakika kwamba jirani naye angemwacha. Na sheria isiyomlinda mwenye kuitii humfanya aonekane mjinga. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, lakini ziwani pupa ya mmoja huwanyima wote. Kwa hiyo jicho la wavu halitoshi kupimwa kwa inchi. Hupimwa pia kwa uaminifu wa wale wanaovua maji mamoja.