Siwa, Beni na Tarumbeta: Shaba Iliyoachwa Nje ya Nasaba Zetu



Katika pwani yetu, sauti ya shaba haikuwa ya kila mtu. Kabla ya kuja tarumbeta la Kizungu tulikuwa na siwa, baragumu kubwa linalopulizwa ubavuni. Siwa mbili ndizo mashuhuri kupita zote: ile ya Lamu, iliyosubiwa kwa shaba, na ile ya Pate, iliyochongwa kwa pembe ya ndovu, yenye urefu wa zaidi ya mita mbili. Zote mbili zimehifadhiwa Kenya hadi leo. Siwa ilipigwa katika arusi, jando na sherehe za waungwana, na aliyetaka kuipigisha ilimpasa awe na nasaba inayomruhusu. Tarikhi ya Pate inasimulia habari za Mwana Darini, bibi wa ukoo wa kifalme, aliyenyimwa siwa kwa ajili ya sherehe ya mwanawe. Naye asikubali fedheha ile, akamwagiza fundi amchongee siwa nyingine ya pembe. Ikiwa mtu wa ukoo wa kifalme aliweza kunyimwa, je, mtumwa, mjoli au mgeni aliyeteremka jahazini bila ya jamaa alikuwa na matumaini gani?

Nauliza swali hili kwa sababu jibu lake nililipata mbali sana na Lamu. Tangu kustaafu ukarani naishi Columbus, Ohio, kwa binti yangu. Hapa nimejuana na watu ambao sikutarajia kujuana nao katika uzee wangu, nao ni wapigaji wa tarumbeta wa ridhaa na wakusanyaji wa ala za shaba. Wengi wao ni watu wa makamo na wastaafu kama mimi: walimu, makarani, mafundi wa magari. Hawalipwi kitu. Hukutana jioni, baada ya kazi, kila mmoja na mfuko wake, na kabla ya kupiga hata noti moja hupashana habari za ala mpya waliyoipata katika mnada au katika duka la vitu vikuukuu.

Mji huu una sifa yake katika jambo hili. Bendi ya gwaride ya Chuo Kikuu cha Ohio State iliacha zumari na filimbi mwaka 1934, ikabaki na ala za shaba na ngoma peke yake. Na tangu mwaka 1936 wanabendi hutembea wakiandika kwa miili yao jina la jimbo uwanjani, kisha mpigaji wa susafoni akaja kusimama mahali pa nukta ya herufi i. Mwaka 1984 Paul Droste, aliyekuwa kiongozi wa bendi hiyo, aliasisi Brass Band of Columbus kwa mtindo wa Kiingereza. Ukienda kusini hadi Louisville, Kentucky, utamkuta katika uwanja wa Churchill Downs mtu aliyevaa koti jekundu, anayepuliza tarumbeta refu kuwaita farasi wasogee penye mstari wa kuanzia. Mbio za Derby zilianza huko mwaka 1875. Na huko Buffalo, New York, yalifanyika Maonyesho ya Pan-American mwaka 1901, ambapo bendi ya John Philip Sousa ilipiga mbele ya umma.

Sasa tuzitazame tarehe hizi pamoja na zetu. Mwaka huohuo wa 1875, karibu na Mombasa, wamisheni wa Kiingereza waliasisi Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru, na vijana wa huko wakafundishwa ala za shaba. Unguja nako masultani walikuwa na bendi yao, ambayo wapigaji wake walikuwa Wagoa. Na katika miaka ileile ambayo Sousa alikuwa katika kilele cha umaarufu wake, katika miji ya pwani yetu ilikuwa ikizaliwa ngoma ya beni.

Chanzo cha mambo haya yote ni kimoja. Mnamo mwaka 1815 mafundi wa Kijerumani walibuni valvu, na tarumbeta, ambalo hapo awali halikutoa ila sauti chache, likaweza kutoa noti zote. Baadaye Adolphe Sax akatengeneza jamii nzima ya ala zinazofanana kwa vidole, hata anayejua moja aweza kujifunza nyingine kwa muda mfupi. Viwanda vikazitoa kwa wingi, bei ikashuka, na majeshi na misheni zikazisambaza duniani. Ala iliyokuwa ya wafalme ikaanguka mikononi mwa mtu wa kawaida, Ohio kwa Mombasa.

Huko kwetu neno beni lilitokana na bendi. Vijana waliunda vyama, wakavaa sare, wakajipa vyeo vya mfalme, jenerali na daktari, wakapita mitaani kwa gwaride na kushindana kwa mavazi, karamu na nyimbo. Mombasa walikuwapo Kingi na Skochi. Kisha Marini na Arinoti wakaenea kotekote. Lamu ushindani ulifuata mitaa, Mkomani na Langoni. Katika Vita Vikuu vya Kwanza askari na wapagazi waliichukua beni hadi bara, na katika miaka iliyofuata ikafika Nyasaland na miji ya migodi ya Katanga. Mwanahistoria Terence Ranger aliitungia kitabu kizima mwaka 1975. Serikali za kikoloni ziliitazama kwa shaka, masheikh wengi wakaikemea, na wazee wa nyumba kubwa wakaidharau.

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Tunaambiwa kuwa beni ilikuwa kuiga Wazungu tu. Mimi nadhani waliosema hivyo waliisahau siwa. Mtu ambaye babu yake hakuruhusiwa kupigiwa siwa, sasa alinunua shaba yake mwenyewe kwa mchango wa wenzake, akaipuliza katika njia kuu, mbele ya baraza za waliomnyima. Hakuhitaji idhini wala nasaba. Ndiyo maana ngoma ile iliwaudhi wakubwa kuliko ngoma nyingine nyingi.

Na ndiyo maana, nadhani, katika nasaba tulizoziandika wamo makadhi, manahodha, wafanyabiashara na makarani wa forodha, lakini mpiga tarumbeta hayumo hata mmoja. Ami yake marehemu baba yangu alipiga tarumbeta katika beni. Mama yake alikuwa suria aliyezaliwa bara, na ndugu zake wa mama nyingine walilitaja jina lake kwa sauti ya chini. Nilipoinakili shajara ya ukoo kutoka kwa wazee, kwa Kiarabu, tawi lake halikuwamo. Wazee hawakusema uongo. Waliruka mstari, basi. Nami niliyefanya kazi ya kunakili maisha yangu yote najua kuwa mstari ulioachwa huficha mengi kuliko mstari ulioandikwa vibaya.

Wakusanyaji wa Columbus wamenifunza namna nyingine ya kusoma nyaraka. Tarumbeta kwao ni hati. Kwanza husoma jina la kiwanda lililochongwa penye mdomo mpana wake: C.G. Conn wa Elkhart, Indiana, au H.N. White wa Cleveland. Kisha husoma namba iliyogongwa penye valvu, ambayo huwajulisha takriban mwaka wa kutengenezwa. Hutazama bomba la kwanza karibu na kinywa, wakitafuta madoadoa mekundu, kwani shaba hii ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Unyevu wa pumzi huila zinki kutokea ndani, na doa linapoonekana nje, bomba limekwisha kuoza. Tena hutafuta herufi HP au LP. Zamani viwanda vya Marekani vilitoa ala za sauti ya juu, ambamo noti ya la ilitetema karibu mara 457 kwa sekunde, na za sauti ya chini, mara 440, ambayo ndiyo kanuni ya leo. Ala ya sauti ya juu haipatani na bendi ya sasa hata ikipulizwa na bingwa. Wasiojua huidhani mbovu, hali ni nzima. Iliundwa kwa ajili ya wenzake ambao hawapo tena.

Katika miji hii mitatu sasa wanaishi watu wengi wa lugha yetu. Columbus wapo Wabarawa na Wasomali. Louisville na Buffalo zimepokea Wakongomani wasemao Kiswahili. Miongoni mwao wamo bila shaka wajukuu wa watu waliocheza beni, nao kama sisi hawakuambiwa.

Kwa hiyo naomba jambo kwenu. Zitazameni upya picha za arusi na za sikukuu mlizozihifadhi. Mkiona watu waliovaa sare ambazo si za jeshi, hesabuni valvu, someni maandishi yaliyo juu ya ngoma, ulizeni majina ya waliosimama nyuma kabla ya kuuliza ya walioketi mbele. Muulizeni bibi aliye hai bado alikuwa akishangilia chama gani, Marini au Arinoti, na ni nani aliyekuwa akipuliza. Tawi la ami yetu nimekwisha kulirudisha katika shajara, pamoja na jina la mama yake na kazi yake. Majina mtakayoyaleta nitayaandika vivyo hivyo, maadamu mkono ungali unashika kalamu.