Toba Mbele ya Watu: Funzo la Uamsho wa Afrika Mashariki

Katika mijadala yetu ya siasa na jamii, imani huzungumzwa kana kwamba ni jambo la chumbani. Mtu na asali, afunge, asome Maandiko; hayo ni yake na Mungu wake, nasi tuendelee na mambo ya nchi. Historia ya Afrika Mashariki hainiruhusu kuukubali mgawanyo huo. Iko harakati iliyozaliwa katika nidhamu za kiroho za kawaida kabisa, yaani sala, kusoma Biblia kwa pamoja, kuungama na kurejesha kilichoibwa, ambayo iliwasumbua wakuu wa kanisa, serikali ya kikoloni, wapigania uhuru, na hatimaye dikteta. Nchini Uganda wafuasi wake waliitwa balokole, maana yake waliookoka. Wanahistoria huiita Uamsho wa Afrika Mashariki.

Chimbuko lake ni Gahini, kando ya ziwa Muhazi, mashariki mwa Rwanda. Daktari Mwingereza, Joe Church, alifika huko mwaka 1928 na kukutana na njaa kali iliyoangamiza watu wengi. Septemba 1929, akiwa amechoka mwili na roho, alikwenda Kampala, na katika kilima cha Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mtumishi wa serikali katika shughuli za afya. Wawili hao walitumia siku mbili wakisoma Biblia na kuomba pamoja. Tukumbuke zama zenyewe. Mzungu na Mwafrika walikaa mbele ya kitabu kimoja, wote wawili wakiwa wahitaji, pasipo mmoja kuwa mwalimu na mwingine mwanafunzi. Chini ya ukoloni, hilo lilikuwa tendo la kisiasa hata kama wenyewe hawakuliita hivyo.

Nsibambi aliacha kazi ya serikali akawa mhubiri. Mdogo wake, Blasio Kigozi, alikwenda kufundisha Gahini na kuwa sauti kuu ya kuliamsha kanisa lililokuwa limesinzia, hadi alipofariki Januari 1936. Kutoka Rwanda na Uganda moto huo ulienea hadi Kenya, ukaingia Bukoba na maeneo mengine ya Tanganyika, na kuvuka mipaka ya madhehebu. Josiah Kibira, aliyekuja kuwa askofu wa Kilutheri na kiongozi wa Walutheri duniani, alilelewa katika uamsho huo.

Nguvu yake ilitoka wapi? Kwa maoni yangu, ilitoka katika mazoea matatu yaliyotunzwa kwa ukali. La kwanza ni ushirika. Ndugu walikutana kila juma, wakasoma neno, wakaomba, na kila mmoja akaeleza hali ya moyo wake. La pili ni kuungama waziwazi, walikokuita kutembea nuruni. Mume aliungama mbele ya mkewe, mchungaji mbele ya waumini, na wako wamisionari walioomba radhi mbele ya Waafrika kwa kiburi chao. La tatu ni kurejesha. Aliyeiba fedha au vifaa vya mwajiri, vya misheni au vya serikali, alivirudisha kwa mkono wake mwenyewe na kulitaja kosa lake. Toba isiyogusa mfuko ilihesabiwa kuwa maneno matupu.

Mazoea hayo yalijenga watu wasiokuwa na siri ya kufichuliwa, na mtu wa namna hiyo ni mgumu kumtisha. Wakuu wa kanisa ndio waliotangulia kuligundua hilo. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono kiliwafukuza wanafunzi 26, William Nagenda akiwa miongoni mwao, baada ya kukataa kuacha mikutano yao ya alfajiri na mahubiri yao. Kwa utawala wa chuo huo ulikuwa ukaidi. Kwao, kuamka kuomba kabla ya jua kuchomoza hakukuwa jambo la kuombewa ruhusa.

Jaribio zito zaidi lilikuja Kenya, baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952. Wengi wa ndugu wa uamsho katika nchi ya Wagikuyu walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na baadhi yao waliuawa kwa sababu hiyo. Lakini wengi wao walikataa pia kubeba bunduki za serikali. Najua msimamo huu unawakera wanaharakati, na hoja yao ina uzito, maana ardhi ilikuwa imeporwa kweli na mporaji alikuwa anajulikana. Aliyekataa kiapo alionekana msaliti wa wenzake. Hata hivyo, haki inatudai tukumbuke kwamba mtu aliyezikataa silaha za pande zote mbili hakuchagua usalama. Alijiweka katikati, mahali ambapo risasi zilitoka kila upande.

Kilele chake ni Uganda ya Idi Amin. Janani Luwum, aliyeokoka katika uamsho mwaka 1948, alikuwa askofu mkuu wa Kanglikana wakati askari walipoipekua nyumba yake usiku, mwanzoni mwa Februari 1977. Yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Amin barua ya wazi wakilalamikia mauaji na uonevu. Tarehe 16 Februari aliuawa, pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Serikali ilidai kuwa ni ajali ya gari. Askofu Festo Kivengere, mtoto mwingine wa uamsho, alikimbilia uhamishoni, na huko akaandika kitabu ambacho jina lake lenyewe lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin.

Lau ningeishia hapo, ningekuwa nimeandika sifa na kuiacha historia. Uamsho ulianzia Rwanda, na ni Rwanda hiyohiyo ambako mwaka 1994, katika siku zipatazo 100, watu wanaokadiriwa kufikia 800,000 waliuawa. Wengi waliuawa ndani ya makanisa, kama kule Nyamata na Ntarama. Wako Wakristo waliowaficha jirani zao na kufa pamoja nao, na kumbukumbu yao iheshimiwe. Lakini viongozi wengi wa makanisa walikuwa wameizoea meza ya watawala kiasi cha kushindwa kukemea.

Tunalielezaje hilo? Nadhani toba ilikuwa imejifunza kutaja wizi, ulevi, uzinzi na hasira, lakini haikujifunza vya kutosha kutaja kitambulisho chenye kabila, mgawo wa nafasi za shule, wala hotuba ya chuki redioni. Dhambi ya mtu iliungamwa, na dhambi ya mfumo ikaachwa iendelee kukaa ofisini. Nidhamu ya kiroho iliyoacha kuuliza maswali mapya iligeuka desturi, na desturi haikuweza kuwakinga watu.

Kwa hiyo nawaambia wanafunzi na watumishi wa umma walio Wakristo: sala, mfungo, kusoma neno na ushirika bado vinaweza kumjenga mtu asiyenunulika. Vishikeni. Lakini mnapokutana kuungama, orodha iwe ndefu zaidi. Itajwe zabuni iliyopangwa mapema, faili la mjane lililolala mezani likingoja bahasha, ajira aliyopewa mtu wa kwetu, na kimya chetu siku jirani alipotukanwa kwa sababu ya kabila lake. Kisha ifuate hatua ya tatu, ile ambayo waumini wa Gahini hawakuiruka: kilichochukuliwa kirudishwe kwa mwenyewe.