Sambaza, mtumbwi na maji mafupi ya ziwa Kivu

Jioni, wakati jua linaanza kuzama, mtu anayesimama kando ya ziwa Kivu, kwa upande wa Bukavu ao wa Idjwi, anasikia nyimbo mbele ya kuona mitumbwi. Ni mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu. Wavuvi wanapiga kasia kwa mwendo mmoja, na wimbo ndio unaopanga mikono yao. Ukimuuliza mtoto kazi hii ilianza lini, atakujibu: tangu wazee wa zamani. Wengi kati yetu, hata wenye masomo, tungejibu vile vile.

Kumbe sivyo. Mtumbwi ni wa zamani kweli, lakini sambaza ni mgeni. Mbele ya mwaka 1959 hakukuwa hata sambaza mmoja katika ziwa letu.

Ili tufahamu sababu, tunapashwa kutazama ziwa lenyewe. Kivu ilizaliwa wakati volkano za Virunga zilipoziba bonde, na maji yaliyokuwa yanateremka kaskazini yakatafuta njia ya kusini kwa mto Ruzizi, mpaka ziwa Tanganyika. Ruzizi inashuka kwa nguvu katika mawe, kwa hiyo samaki wa Tanganyika hawakuweza kupanda. Tena, Kivu ni ya kina sana, inafikia karibu mita 485, lakini hewa ya kupumua inapatikana juu tu, katika mita 60 hivi za kwanza. Chini kumejaa gazi. Ndiyo maana samaki wake walikuwa wa aina chache, na wengi walikaa karibu na kando. Katikati ya ziwa, vidudu vidogo vya maji viliongezeka bila samaki wa kuvila.

Wazee wetu walivua pale samaki walipokuwa: katika maji mafupi. Walichonga mtumbwi katika gogo la mti, wakatumia ndoana, mitego na vikapu. Mtumbwi haukuwa na lazima ya kwenda mbali.

Mwaka 1959, katika siku za mwisho za utawala wa Wabeleji, wataalamu walichukua watoto wa ndagala katika ziwa Tanganyika na kuwaachilia katika Kivu. Nia yao ilikuwa kuwapatia watu chakula, kwa kutumia vile vidudu vya katikati. Walileta aina mbili. Moja ilikufa yote. Ya pili, ile ambayo wataalamu wanaiita Limnothrissa miodon, ilizoea. Ndiyo hii tunaiita sambaza. Jamaa yake ya mbali ni samaki wa bahari wenye chumvi, lakini imekuwa mtoto wa kwetu kabisa.

Miaka mingi ilipita bila watu kujua namna ya kumvua vizuri. Mchana sambaza anajificha chini kidogo. Usiku anapanda kufuata chakula. Hapo uvuvi wa taa, ambao watu wa Tanganyika waliuzoea, ukaletwa kwetu. Kuanzia mwaka 1979, mradi wa Umoja wa Mataifa uliokuwa Gisenyi, upande wa Rwanda, ulisaidia kueneza kazi ya mitumbwi mitatu, taa ya petroli na wavu wa kuinua. Kazi ni hivi: taa inawaka juu ya maji, samaki wanakuja kwa mwangaza, wavu unangoja chini, halafu watu wanauvuta wote pamoja. Usiku wa mwezi mkubwa wavuvi hawapati kitu kikubwa, kwa sababu taa haishindi mwezi. Basi wanapumzika na kutengeneza nyavu.

Tazameni namna desturi inavyozaliwa. Samaki alitoka kusini na mradi ulitoka ng'ambo, lakini mtumbwi, kasia na wimbo vilikuwa vya kwetu. Wavuvi walipanua kazi ya wazee mpaka katikati ya ziwa. Wamama nao wakapata kazi yao: asubuhi wanangoja kando, wananunua, wanakaanga ao wanaanika juani, wanapeleka sokoni Kadutu na mbali zaidi. Siku hizi bugali na sambaza ni chakula cha nyumba nyingi ambazo haziwezi kununua nyama. Mtu asiseme basi kwamba desturi ni kitu cha zamani tu. Desturi ni kile tunachokubali kukichunga pamoja.

Na hapo ndipo penye shida. Sambaza mkubwa anaishi katikati, lakini anataga karibu na kando, na watoto wake wanakua mule mule katika maji mafupi, pale maji yanafika kiunoni. Maji yale ndiyo shamba la mbegu. Leo, kandokando ya ziwa, tunaona watu wakivuta chandarua cha mbu ndani ya maji yale, hata mchana. Wanatoa visamaki vidogo kama ukucha. Hatuwalaumu bila kufikiri: mtu ambaye hana mtumbwi, hana taa, na watoto wake wamelala na njaa, atavua pale anaweza kusimama. Vita na kukimbia-kimbia vimewaachia wengi mikono mitupu. Lakini mkulima anayekula mbegu yake hana mavuno mwaka unaofuata, na wavuvi wa katikati ndio watakaovuta wavu mwepesi.

Sisi tunaona kwamba serikali peke yake haitaweza, hata ikiweka sheria. Machifu, vyama vya wavuvi, wamama wauza samaki na walimu wapatane juu ya sehemu za kando ambazo hazivuliwi. Mama akikataa kununua visamaki vya chandarua, kazi ile itakosa faida. Na yule wa chandarua apewe nafasi katika mtumbwi, ashike kasia pamoja na wengine.

Wazee wetu walituachia mtumbwi. Sambaza tulipewa mwaka 1959, na wengi waliomwona akifika wangali na watoto na wajukuu kati yetu. Ingekuwa haya kubwa kama wajukuu hao watasikia nyimbo za jioni kwa masimulizi tu.