Nishani Iliyokosa Hati: Askari wa Mpanda na Katavi na Kumbukumbu za Utumishi Wao

Nishani ya kijeshi, yaani kipande cha madini chenye utepe wa rangi anachovishwa askari kwa kushiriki vita fulani au kwa tendo la ushujaa, hutanguliwa na maandishi: jina huandikwa katika daftari la kikosi, daftari huhamishiwa katika orodha ya wanaostahili, na orodha ndiyo inayompa mtunza nishani idhini ya kuitoa. Askari aliyekwenda vitani na kurudi akiwa hai, lakini jina lake likaandikwa vibaya au lisiandikwe kabisa, machoni pa ofisi hakwenda vitani. Ndiyo maana historia ya nishani katika eneo la Mpanda na mkoa mzima wa Katavi ni, kwa sehemu kubwa, historia ya madaftari na ya wale waliokabidhiwa kalamu, na kusahihisha kumbukumbu za utumishi huko ni kazi ya kuunganisha maandishi ya dola kadhaa, ambazo kila moja ilipoondoka haikuwaachia wenyeji nakala ya yale iliyokuwa imeandika juu yao.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia iliwakuta Wabende, Wakonongo, Wapimbwe na jirani zao chini ya utawala wa Wajerumani, wakiwa tayari wamezoea kwa miongo mingi kazi ya upagazi katika njia za misafara zilizounganisha Tabora na Ziwa Tanganyika. Mwaka 1916 majeshi ya Kongo ya Wabelgiji yaliyovuka ziwa yalitua Karema, mahali ambapo Wabelgiji haohao walikuwa wamejenga kituo tangu 1879 na kuwakabidhi Mapadre Weupe mwaka 1885, na Septemba 19 mwaka huo huo wa 1916 Tabora ikaanguka mikononi mwao. Hatimaye nchi ikawa ya Waingereza. Kwa hiyo kijana wa mwambao wa Karema au wa bonde la Mto Katuma aliweza kuubeba mzigo wa Mjerumani mwezi mmoja na wa Mbelgiji mwezi uliofuata, na pengine baadaye wa Mwingereza, bila yeyote kati ya hao watatu kumwandika kwa namna ambayo ingefahamika kwa wengine wawili. Askari wa kawaida wa Kijerumani alikuwa na hati ya kuandikishwa, lakini ruga-ruga, yaani mpiganaji wa msaada aliyekusanywa kwa muda kupitia machifu na ambaye mara nyingi alipigana bila sare kamili, hakuwa na karatasi ya namna hiyo, na mpagazi alihesabiwa zaidi kama sehemu ya mzigo kuliko kama mtumishi wa jeshi.

Waingereza waliwaandika askari wao wa King's African Rifles, ambao wenyeji waliwaita Keya, kwa uangalifu mkubwa zaidi. Nishani za Uingereza za vita hivyo vya kwanza zilichongwa ukingoni namba ya jeshi, cheo, jina na kikosi cha mwenyewe, hata nishani yenyewe ikawa hati inayoweza kusomwa, na kosa la karani katika jina la askari likabaki limechongwa kwenye madini maisha yake yote. Wapagazi walitendewa tofauti. Jumla ya waliobeba mizigo ya majeshi ya Uingereza na washirika wake katika Afrika Mashariki inakadiriwa kufikia milioni moja, na waliokufa kwa njaa, kuhara, malaria na uchovu wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu. Hata hivyo mnara wa askari uliosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, pamoja na ile ya Nairobi na Mombasa, hauna jina la hata mmoja wao. Taarifa iliyotolewa Aprili 2021 na tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba ubaguzi wa wakati ule ulichangia jambo hilo. Kukiri huko kulikuwa kwa lazima na kulichelewa mno, maana waliokuwa wakiwafahamu wafu hao kwa sura walikuwa wamekwisha kufa wote.

Upande wa Wajerumani ndio unaoonyesha kwa uwazi zaidi jinsi mzigo wa kuthibitisha ulivyotwikwa askari mwenyewe. Mahjub bin Adam Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 na kujulikana Ujerumani kwa jina la Bayume Mohamed Husen, alitumika akiwa bado mtoto katika jeshi la kamanda wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck, pamoja na baba yake aliyekuwa askari mwenye asili ya Sudan. Alifika Berlin mwishoni mwa miaka ya 1920 na kudai mishahara ambayo yeye na marehemu baba yake hawakulipwa, akajibiwa kwamba muda wa madai umekwisha. Mwaka 1934 serikali ya Ujerumani ilipoanzisha Msalaba wa Heshima kwa waliopigana mstari wa mbele, aliomba apewe kama wenzake, na ombi likakataliwa, kwa kuwa ofisi zilizohusika hazikutaka nishani hiyo ivaliwe na mtu mweusi. Akainunua kwa muuzaji na kuivaa. Mtu huyu aliyefundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Berlin, na ambaye hakuna aliyeweza kudai kwamba hakuwa askari, alifia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen Novemba 24, 1944. Katika shauri lake utumishi ulijulikana na mwombaji aliweza kuisoma na kuiandika lugha ya ofisi, na bado kumbukumbu haikusahihishwa. Ni rahisi basi kukisia hali ya mzee wa Inyonga au wa Mpimbwe ambaye hakuwa na lolote kati ya hayo.

Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha mwaka 1964, mwaka aliofariki Lettow-Vorbeck, malipo kwa askari wa zamani wa jeshi lake waliokuwa bado hai, na ofisi ya muda ikafunguliwa Mwanza. Inasimuliwa katika vitabu vya historia ya vita hivyo kwamba walijitokeza wazee wapatao 350, na kwamba wachache tu ndio waliokuwa na vyeti walivyopewa mwaka 1918, ilhali wengine walileta vipande vya sare zilizochakaa; ndipo aliyetumwa kulipa alipoamua kumpa kila mzee ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani afanye mazoezi ya bunduki, na wote wakayafanya bila kukosea. Kisa hiki hupendwa na wasimulizi kwa sababu kinachekesha na kinasikitisha kwa pamoja, lakini ndani yake mna jambo zito kwa mtafiti wa kumbukumbu: karatasi ilipokosekana, mwili wa askari ulikubaliwa kuwa ushahidi. Jambo la pili halisemwi sana. Ushahidi huo ulimfaa aliyeweza kufika Mwanza akiwa na nguvu za kusimama wima. Kwa mzee wa Mpanda safari hiyo ilimaanisha kupanda treni ya Kaliua, kisha kupitia Tabora, akiwa na umri wa zaidi ya miaka sitini, kwa tangazo ambalo huenda halikumfikia.

Vita Kuu ya Pili ilileta utaratibu mpya na tatizo jipya. Zaidi ya watu 80,000 wa Tanganyika waliingia jeshini, wakapigana Uhabeshi mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, na Burma mwaka 1944, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa hadi kuufikia mto Chindwin. Aliyepigana Burma alistahili Nyota ya Burma, na aliyepigana Uhabeshi alistahili Nyota ya Afrika, mbali na nishani ya jumla ya vita. Lakini tofauti na zile za vita vya kwanza, nishani hizi Uingereza ilizitoa bila kuchonga jina la mtu, na askari wa Uingereza wa nchi kavu waliokwisha kuachishwa kazi walitakiwa waziombe wenyewe kwa maandishi. Nishani isiyo na jina haithibitishi lolote bila cheti cha kuachishwa kazi, yaani karatasi inayotaja namba, kikosi, tarehe za kuingia na kutoka, na mahali alipotumika mtu. Na cheti kikiliwa na mchwa au kikiungua pamoja na nyumba ya nyasi, mjukuu hubaki na kipande cha madini ambacho angeweza kukinunua sokoni mtu yeyote.

Hapo ndipo jiografia ya Katavi inapoingia katika shauri, na pengine hakuna eneo jingine la Tanzania ambako anwani ya askari imepotezwa mara nyingi kiasi hiki. Katika miaka ya 1920 serikali ya Waingereza, ikipambana na malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, iliwahamisha watu wengi wa magharibi ya Tanganyika kutoka vijiji vyao vilivyotawanyika msituni na kuwakusanya katika makazi makubwa, na vijiji vingi vilivyotajwa katika karatasi za Vita vya Kwanza vikarudi kuwa pori. Mji wa Mpanda wenyewe ulitokana na mgodi wa madini ya risasi na reli ya takriban kilomita 210 kutoka Kaliua, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940, kwa hiyo askari aliyerudi kutoka Burma mwaka 1946 hangeweza kuandika kwamba anatoka katika mji huo. Vijiji vya Ujamaa vya miaka ya 1970 vilihamisha watu tena. Mpanda ikatoka mkoa wa Tabora na kuingia Rukwa mwaka 1974, kisha ikawa makao makuu ya mkoa mpya wa Katavi mwaka 2012. Fomu ya jeshi la Keya iliyomtambulisha mtu kwa kabila, chifu, jumbe na wilaya inataja leo vyeo vilivyofutwa na mipaka iliyohama, na ofisa anayelinganisha fomu hiyo na kitambulisho cha mjukuu ataona watu wawili pale ambapo ni mmoja.

Marekani, ambako sheria ya mwaka 1946 iliruhusu kuundwa kwa bodi za kusahihisha kumbukumbu za kijeshi, ilikabiliwa na msiba wa aina hii kwa ghafla: moto wa Julai 12, 1973 katika kituo cha kumbukumbu cha St. Louis uliteketeza majalada kati ya milioni 16 na 18. Jibu lake lilikuwa kuyajenga upya majalada kwa kutumia hati za pembeni kama orodha za mishahara na taarifa za hospitali, na njia hiyo inafaa kabisa Katavi, kwa kuwa hati za pembeni zipo. Bora kuliko zote ni madaftari ya ubatizo na ndoa ya misheni kongwe kama Karema, ambayo humtaja mtu pamoja na wazazi wake na kwa hiyo hustahimili kuhama kwa vijiji. Ndoa iliyofungwa na mtu anayetajwa kuwa askari, au ubatizo wa mtoto ambao baba hakuhudhuria kwa sababu ya vita, ni ushahidi ambao hakuna karani wa jeshi aliyekusudia kuuacha.

Kwa waliopigana Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 hali ni nyingine, kwa sababu daftari ni la taifa lenyewe na mashahidi wengi bado wako hai. Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lililoundwa Septemba 1, 1964 baada ya maasi ya Januari mwaka huo, lilipanuka ghafla kwa kuingiza mgambo, yaani raia waliopata mafunzo ya ulinzi na kukusanywa kutoka mikoani, na Mpanda wakati huo ikiwa wilaya ya Rukwa. Mgambo aliyerudishwa nyumbani baada ya vita hakuwa na mfululizo mrefu wa kumbukumbu kama askari wa kudumu, na jina lake linaweza kuwa katika orodha iliyoandaliwa katika makao makuu ya Rukwa, Sumbawanga, na ambayo mkoa wa Katavi haukuirithi. Nishani za jeshi hutolewa kwa mamlaka ya Rais akiwa Amiri Jeshi Mkuu, na marekebisho yake hupitia Makao Makuu ya Jeshi; lakini ushahidi unaotangulia, yaani maelezo ya kiapo ya wenzake wa kombania moja, barua ya kamanda mstaafu, picha yenye tarehe, hauna budi kukusanywa hukohuko Katavi, katika Mlele, wilaya ya Tanganyika na Nsimbo, na wanaoweza kuutoa wamekwisha kupita umri wa miaka sitini.